Moto unakimbia kuliko mutu: wanaupima namna gani?



Tarehe 10 mwezi wa tatu 1906, kule Courrières, kaskazini ya Ufaransa, watu 1.099 walikufa mu mine ya makaa. Vumbi ya makaa ilishika moto, na moto ukapita mu magaleri, hakuna mutu wa kuukimbia.

Kiisha ule msiba, injenieri Taffanel alipanga mbao juu mu galeri, zenye kubeba vumbi ya mawe. Mlipuko unasukuma upepo mbele ya moto. Upepo unaangusha mbao, vumbi inamwagika, moto unazimika. Lakini vumbi ikianguka mapema ao kwa kuchelewa, moto unapita. Kila kitu kinategemea mbio.

Sasa, mbio ya hewa yenye kuwaka wanaipima namna gani? Kile kipima-upepo tunachokijua chini, ukikiingiza mu mlipuko kinavunjika. Tena kinasumbua hewa yenyewe. Ndiyo maana wataalamu wanatumia mwangaza wa lazeri: haugusi kitu.

Mu 1964, Yeh na Cummins, kule Columbia University, Marekani, walipima vile mbio ya maji. Mwangaza ulipiga tuchembe tudogo twenye kubebwa na maji, ukarudi umebadilika kidogo kufuata mbio yao. Mu moto wanatia unga usioungua, kama alumina. Lakini hewa ikikimbia kupita sauti, hata ule unga unaweza kubaki nyuma. Hapo ukiamini unga, hesabu inakuwa ya uongo.

Kwa hiyo walitafuta njia ingine. Moto wa gazi unazaa mvuke wa maji. Lazeri ya kwanza inachora mustari mu mvuke kwa kuupasua. Lazeri ya pili inafanya vile vipande ving'ae, na picha inakamatwa. Ugawe sekunde 1 mara milioni, uchukue sehemu 2 tu: kama mustari umesogea milimita 2, hewa inakimbia metre 1.000 kwa sekunde.

Mashini hii iko mu laboratware, haiko kwetu chini. Lakini fundisho ni letu: kila chombo kiko na mwisho wake. Mukubwa akisema "hewa iko muzuri", umuulize kwa heshima: nani alipima, wapi, na kwa chombo gani?