Nusu Saa Nyingine

Leo tutazame jambo linaloonekana dogo: mchezo wa simu uitwao Candy Crush Saga, uliotolewa mwaka 2012. Mchezaji hupanga peremende tatu za rangi moja, nazo hupasuka kwa mlio mtamu. Akishindwa, hupoteza uhai. Hupewa uhai mara tano tu. Zikiisha, hungoja nusu saa ili kupata mmoja, au hununua kwa fedha.

Hapo ndipo mtego ulipo. Kungoja kwenyewe huturudisha. Na kwa kuwa hatujui ni peremende gani itakayoshuka, tunatumaini kwamba mara hii tutashinda. Ndivyo samaki wa ziwa letu anavyokifuata chambo.

Sisi tunaonena nanyi tulinaswa. Jioni moja hapa Magunga mama mjane alibisha hodi. Tulimwambia, "Karibu, mama. Ungoje kidogo." Tulipoinua macho, kiti chake kilikuwa kitupu. Kesho yake tulimwendea kuomba radhi. Shida yake alikuwa amekwisha kuipeleka kwa jirani.

Kucheza si dhambi. Lakini Mtume Paulo aliwaonya Wakorintho kwamba hata lililo halali lisimtawale mtu. Basi mgeni akiingia, simu na izimwe. Na usiku ilale mbali na kitanda. Uhai wa mchezo hurudi baada ya nusu saa. Saa ya jirani aliyetuhitaji hairudi.

Tuombe. Bwana, utufundishe kuitumia vema saa uliyotupa. Amina.