Nipo, nimo, niko

Piga hodi kwenye nyumba yoyote ya Lisekese, hapa Masasi, uulize: "Wenyewe mpo?" Utajibiwa kutoka uani: "Tupo, karibu." Aliye chumbani atasema nimo. Aliye njiani, mahali asipotaka kupataja, atakuambia kwenye simu: niko huku. Viambishi hivi vitatu tunavijua kabla ya kwenda shule. Cha tatu kimebebeshwa mzigo mkubwa wa theolojia.

Fungua Injili ya Yohana 8:58, katika Biblia ya Union Version ya 1952. Yesu yuko hekaluni, anaulizwa amemwonaje Ibrahimu ilhali hajatimiza hata miaka hamsini. Katika jibu lake Ibrahimu anapewa neno "asijakuwako": palikuwa na siku ambayo hakuwako, kisha akawako. Yeye mwenyewe anasema "niko". Mwalimu wa sarufi angetarajia "nilikuwako". Lakini Kigiriki nacho kinatenganisha hivyohivyo: kitenzi cha kutokea kwa Ibrahimu, cha kuwa kwa Yesu. Tena litazame hilo "niko": halina -li-, halina -na-, halina -ta-. Wasikilizaji waliokijua kitabu cha Kutoka, ambamo Mungu anajitambulisha kwa Musa kwa neno lilo hilo, waliokota mawe wamtupie.

Karne tatu baadaye Ario, padri wa Aleksandria, alifundisha kwamba Yesu, Mwana wa Mungu, aliumbwa kabla ya vyote, hivyo naye alikuwa na mwanzo. Yaani alimpa kitenzi cha Ibrahimu. Maaskofu waliokutana Nikea mwaka 325 walikataa: Mwana amezaliwa, hakuumbwa. Tofauti hiyo Mmakonde wa Newala haimpi taabu. Mchongaji akichonga mpingo ukatoka sura ya mtu, hata kope zikionekana, ule unabaki kuwa mti. Akizaa mtoto, huyo ni mtu kama yeye. Kwa Mungu, wanaongeza maaskofu, kuzaa huko hakuna siku kulipoanza.

Imani hiyo ililetwa Masasi mwaka 1876 na Askofu Edward Steere wa shirika la kimisionari la UMCA, akiongozana na watu waliokombolewa utumwani, kutoka Unguja. Steere alikuwa mtu wa sarufi. Kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kilikuwa kimeshatoka mwaka 1870. Ila waliokaa na kuisema imani hiyo kijijini, wakawa mashahidi wake, ni hao waliokuja naye.

Kiswahili kinamwita shahidi anayesimama barazani kueleza alichokiona, na pia anayekufa kwa ajili ya imani. Kigiriki kilifanya vivyo hivyo. Sarufi haithibitishi kwamba Kristo ni wa milele. Inamwonyesha shahidi tu ni neno gani amelitolea ushahidi, ili asije akalibadili kwa "alikuwako" akidhani ni yaleyale.

"Tupo" ya Lisekese inamtaka mtu awe uani. "Niko" ya Yohana haina ua.