Uzamili katika sera ya usalama: unamhusu vipi mkazi wa Chepilat?

Wengi wakisikia maneno "usalama wa taifa" huwaza kambi za jeshi, mpaka wa Somalia na ofisi za Nairobi ambazo raia haingii. Katiba ya 2010 inasema zaidi ya hapo. Kifungu cha 238 kinataja ulinzi wa ardhi na mamlaka ya nchi, kisha kinataja watu, haki na uhuru wao, mali yao, amani na ustawi wao. Kwa maana hiyo, duka linalochomwa Chepilat ni suala la usalama wa taifa, sawa na shambulio katika kituo cha mpakani Mandera.

Ndiyo maana masomo ya uzamili katika sera ya usalama si ya maafisa wa jeshi pekee. Mwalimu, wakili, chifu, afisa wa kaunti au mfanyakazi wa shirika la amani mwenye shahada ya kwanza anaweza kuyaomba.

Kwa nini Chepilat

Chepilat iko kwenye barabara ya Sotik kwenda Kisii, pale Kaunti ya Bomet inapopakana na Kaunti ya Nyamira. Wakipsigis na Abagusii huuziana bidhaa hapo. Mapigano ya miaka ya mwanzo ya 1990 yaliugusa mpaka huu. Mapema 2008, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, vijana wa pande mbili walipambana Chepilat, nyumba zikachomwa na familia zikahama.

Kuna pia suala la utawala. Bomet iko katika kanda ya Bonde la Ufa na Nyamira iko Nyanza. Makamishna wa kaunti hizi mbili huripoti kwa makamishna wawili tofauti wa kanda. Ng'ombe akiibwa upande mmoja na nyayo zikaelekea upande wa pili, kesi moja huangukia ofisi mbili. Uvumi huvuka barabara kwa dakika chache, ilhali taarifa rasmi ina ngazi za kupanda. Nani aamue, kwa haraka gani, na baada ya kumsikiliza nani? Hilo ni swali la sera ya usalama, na halijibiwi kwa bunduki.

Yanafundisha nini

Kozi nyingi za uzamili huchukua takriban miaka miwili. Sehemu ya kwanza ni masomo ya darasani: Katiba na sheria za usalama, vyanzo vya migogoro, ugaidi, usimamizi wa mipaka, uhusiano wa kimataifa na mbinu za utafiti. Sehemu ya pili ni utafiti wenyewe na kuandika tasnifu.

Tuseme mwanafunzi anataka kujua kwa nini wizi wa mifugo huzua vita siku moja, na siku nyingine wazee huumaliza kwa mazungumzo. Atasaka rekodi za matukio, atawahoji wafanyabiashara, wazee, wanabodaboda na polisi wa pande zote mbili, kisha atalinganisha. Jibu lake likiwa na ushahidi, linaweza kuonyesha mahali pa kuweka doria au nani apigiwe simu kwanza.

Funzo kutoka Wajir

Mfano mzuri wa sera iliyozaliwa sokoni uko Wajir. Mapema miaka ya 1990, koo zilipokuwa zikipigana, wanawake waliamua kwamba soko libaki wazi kwa mwanamke wa ukoo wowote, auze na anunue bila kufukuzwa. Baadaye waliungana na wazee, vijana na maafisa wa serikali, na mwaka 1995 ikaundwa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir. Mmoja wa waanzilishi, Dekha Ibrahim Abdi, alitunukiwa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood mwaka 2007.

Baada ya ghasia za 2007 na 2008, kamati za amani za mfano huo zilienezwa katika wilaya nyingine nchini. Wanawake wa Wajir hawakungoja shahada ili waanze. Lakini kazi yao ilihitaji watu wa kuichunguza, kuiandika na kuifikisha kwa waamuzi. Hapo ndipo elimu ya uzamili inapopata kazi yake.

Yanasomewa wapi

Chuo cha Kitaifa cha Ulinzi kilichoko Karen, Nairobi, kilianzishwa mwaka 1997. Hupokea maafisa wa ngazi za juu wa jeshi, watumishi waandamizi wa umma na maafisa kutoka nchi rafiki. Mtu hutumwa huko na mwajiri wake, hajiombei mwenyewe. Mwaka 2021, Chuo Kikuu cha Kitaifa cha Ulinzi cha Kenya kilipewa hati ya kuwa chuo kikuu, na chuo cha Karen sasa ni sehemu yake.

Raia wa kawaida ana milango mingine. Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha masomo ya kimataifa na ya migogoro na amani, na Chuo Kikuu cha Kenyatta kina masomo ya usalama. Wakazi wa maeneo haya wanaweza pia kuuliza Chuo Kikuu cha Kabianga na Chuo Kikuu cha Kisii kama wana kozi za karibu na hizo, ili kupunguza gharama za nauli na malazi.

Kabla ya kulipa karo

Familia isiuze ng'ombe au kukopa kwa bonasi ya majani chai kabla ya kuhakikisha mambo haya:

- Kozi imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE). Uliza tume yenyewe. Usitegemee tangazo la chuo pekee.
- Alama zako zinatosha. Vyuo vingi hutaka daraja la pili la juu, au daraja la pili la chini pamoja na uzoefu wa kazi.
- Umeuliza Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB) kuhusu mikopo ya uzamili. Chini ya Jedwali la Nne la Katiba, vyuo vikuu ni jukumu la serikali ya kitaifa.
- Hakuna aliyekuahidi kazi. Shahada hii haimhakikishii mtu nafasi jeshini, katika polisi au katika idara ya ujasusi. Anayedai pesa ili "akupangie" kazi hiyo ni tapeli. Ripoti kwa polisi.

Mtafiti akibisha hodi

Chepilat huwavutia watafiti, na mkazi ana haki zake. Mtafiti anapaswa kuwa na leseni ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu (NACOSTI), na kwa kawaida hujitambulisha kwa afisi ya kamishna wa kaunti kabla ya kuanza kazi. Omba kuiona leseni hiyo. Unaweza kukataa kuhojiwa, au kuacha katikati. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda taarifa zako za kibinafsi, kwa hiyo uliza jina lako litatumiwaje. Aliyepoteza nyumba au mpendwa wake halazimiki kusimulia upya ili mtu apate shahada.

Pia mwombe mtafiti arudishe matokeo. Baraza la chifu ni mahali pazuri pa kuyasoma, wakazi wa pande zote mbili wakiwapo, ili aliyehojiwa aseme kama kilichoandikwa ni kweli.

Matokeo yapelekwe wapi

Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, kifungu cha 41, inaweka Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, ambayo mwenyekiti wake ni gavana au mjumbe wa kamati tendaji aliyemteua. Kazi yake moja ni kupendekeza vipaumbele vya polisi katika kaunti, na sheria inataka wafanyabiashara, wanawake, vijana, watu wenye mahitaji maalum na mashirika ya dini wawakilishwe humo. Mkazi mwenye hoja anaweza kuipitisha kwa wawakilishi hao, kwa mwakilishi wa wadi au kwa kamati ya amani ya eneo lake. Hoja yenye tarehe, mahali na ushahidi ni ngumu kupuuzwa kuliko lalamiko tupu.