Plaizi Hununuliwa Kwenye Kiungo

Mvua ya Tukuyu haina huruma na chuma. Mji wetu uko mita zaidi ya 1,500 juu ya usawa wa bahari, chini ya Mlima Rungwe, na kwa mwaka tunapata mvua inayozidi milimita 2,000. Mimi ni fundi bomba. Kazi zangu ziko Kiwira, Katumba na huku Masoko, kwenye maji ya mserereko yanayoshuka kutoka milimani na kwenye koki za nyumba za watu. Kwa hali yetu hii, plaizi mbovu haichukui muda kujulikana. Inang'aa vizuri dukani wakati wa kiangazi, lakini masika ikishakolea kiungo kinashika kutu, taya hazisogei, na mwenye nayo anaanza kuigonga kwa jiwe ili ifunguke.

Nazungumzia plaizi zinazopanuka na kubana kufuata ukubwa wa kitu, zile ambazo mafundi wengi tunaziita wotapampu. Si kifaa cha fundi peke yake. Mkulima wa chai au parachichi anaihitaji pale nati ya pampu ya kupulizia dawa inapoganda. Mfugaji anaihitaji bomba la zizini likivuja. Mwenye baiskeli anaihitaji, na hata bodaboda aliyekwama njiani kuelekea Mwakaleli anaihitaji. Ndiyo maana inaniuma kuona watu wanainunua kwa kutazama rangi ya mpini.

Mpini ni plastiki tu. Nyekundu, bluu au njano, haikwambii lolote kuhusu chuma kilicho ndani yake. Plaizi hununuliwa kwenye kiungo, kisha kwenye meno, na hayo mawili yakikuridhisha ndipo utazame mengine.

Tuanze na kiungo. Plaizi nyingi za bei ya chini zina mwanya mmoja mrefu wenye matuta madogo, na pini inateleza humo kutoka tuta hadi tuta. Ukiwa dukani inaonekana kazi safi. Lakini ukiibana kwa nguvu kwenye bomba lililoganda, pini inaruka tuta, mikono inafungana ghafla na ngozi ya kiganja inabaki katikati. Plaizi bora ina mifereji ya kweli iliyochongwa kwenye chuma, na taya ya pili ina ukingo unaoingia ndani ya mfereji na kukaa. Muundo huo ulibuniwa mwaka 1933 na Howard Manning, katika kiwanda cha mji wa Meadville huko Marekani ambacho baadaye kilichukua jina la Channellock. Wajerumani wa Knipex, kampuni iliyoanza mwaka 1882, wana yao iitwayo Cobra: unabonyeza kitufe kidogo, taya inasogea, ukiachia inajifunga palepale. Humo mkono mmoja umepita katikati ya mwenzake, umekumbatiwa pande zote mbili, kwa hiyo hauwezi kupinda kwenda pembeni. Mkono uliolazwa tu juu ya mwenzake na kushikwa na pini huanza kucheza mapema zaidi.

Si lazima ununue majina hayo. Bei yake ni kubwa, na huku kwetu hayapatikani kila duka. Lakini ukishajua kiungo kizuri kinavyokuwa, utakitambua hata kwenye plaizi isiyo na jina kubwa.

Ninapokwenda kununua, huwa nachukua kipande cha bomba la chuma la nusu inchi na nati moja kubwa. Bomba hilo kwa nje lina milimita kama 21, tofauti na wengi wanavyodhani, kwa sababu nusu inchi ni jina la tundu la ndani. Kijana wa dukani ananipokea, "Shikamoo fundi, karibu, hii ni orijino kabisa." Namwitikia marahaba, naomba anipe tatu za aina moja, maana hata katoni moja inaweza kuwa na nzuri na mbaya. Nafunga taya na kuinua plaizi kuelekea mlangoni kwenye mwanga. Meno ya juu na ya chini yakutane sawasawa. Mwanga ukipenya upande mmoja na upande wa pili umezibwa, hiyo imepinda tangu kiwandani. Kisha nashika kila mkono kwa kiganja chake na kuitikisa kushoto na kulia. Kiungo kikitoa sauti ya kugongana, narudisha. Baada ya hapo nabana bomba katika kila mfereji, mmoja baada ya mwingine, nikikamua kwa nguvu zangu zote. Ikiruka mara moja tu, basi. Itaruka pia siku umelala chini ya sinki, uso ukiwa karibu na bomba.

Meno nayo yana kipimo chake. Meno mazuri yamepashwa moto yakakomazwa, hivyo ni magumu kuliko chuma cha bomba. Muuzaji akikuruhusu, pitisha tupa ndogo kwenye ncha ya jino la pembeni. Tupa ikiteleza bila kung'ata, meno yamekomaa. Ikikwangua na kutoa unga, ujue baada ya muda mfupi taya zitakuwa laini na kila bomba litakuponyoka.

Tazama pia chuma chenyewe. Kuna plaizi za chuma kilichofuliwa na kuna za chuma kilichomiminwa kwenye kalibu. Kilichofuliwa kina uso uliotulia, na kikizidiwa hupinda kabla ya kukatika. Cha kumimina mara nyingi kina ngozi ya chengachenga, na kikizidiwa hukatika ghafla. Wazee wetu wa Kinyakyusa walilijua jambo la kufua kabla ya duka lolote kufunguliwa hapa: majembe na mikuki yao ilitoka kwa wahunzi wa Kikinga, ng'ambo ya safu ya milima ya Livingstone, nao waliilipia kwa chakula na mifugo. Maandishi ya "Cr-V" kwenye mkono wa plaizi yanadai kwamba chuma kimechanganywa na kromu na vanadi, mchanganyiko mzuri, ila kugonga muhuri hakumshindi mtu yeyote. Hapa nchini Tume ya Ushindani ndiyo inayopambana na bidhaa bandia, kwa Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Dai risiti, bila risiti huna la kusema ukirudi dukani.

Kwa nyumba ya kawaida, urefu wa inchi 10 unatosha. Unashika nati ndogo, koki, na bomba la inchi moja bila shida. Ya inchi 12 ni nzito kwa mkono wa mama au kijana anayefungua koki ya uani, na ya inchi 6 haina nguvu ya kung'oa kilichoganda.

Ukishainunua, itumie inavyotakiwa. Ukizungusha upande mmoja, meno yanazidi kujifunga kwenye bomba. Ukizungusha upande wa pili, yanateleza. Ikiteleza usiongeze nguvu, igeuze plaizi. Usichomeke kipande cha bomba kwenye mpini ili upate urefu. Nati za shaba na koki za kung'aa usizishike kwa meno, zitachubuka. Hizo ni kazi ya spana malaya, yenye taya laini. Na jambo moja nalisema kwa uzito: ule mpira wa mpini si kinga ya umeme. Plaizi ya umeme huandikwa 1000 V pamoja na alama ya pembetatu mbili. Kama huoni hayo, usiipeleke kwenye nyaya.

Jioni baada ya kazi ya mvuani, futa tope kwenye mifereji kwa mswaki mkuukuu, kausha, kisha tia tone la mafuta ya cherehani kwenye kiungo na uifungue na kuifunga mpaka mafuta yaingie. Usiiache kwenye ndoo au juu ya udongo. Plaizi nyeusi isiyopakwa kromu haipendezi sana, lakini ikipata mafuta hudumu. Kromu ya bei rahisi hubanduka magamba, na kutu huanzia chini ya gamba mahali usipopaona.

Ndugu msomaji, bei ya plaizi moja nzuri inaweza kununua tatu au nne hafifu. Nunua hiyo moja. Kama fedha haijatimia, subiri mavuno ya chai au uuze mkungu mwingine wa ndizi, na kwa sasa azima kwa jirani. Siku ukienda, beba kipande chako cha bomba. Muuzaji akikukataza kujaribu, mshukuru, rudisha plaizi yake kaunta, uende duka la pili.