Siku ya posho huko Ostende

Bandugu wa mugodi, na nyinyi bamama na batoto munaosoma ukurasa huu nyumbani, mwaka jana sendika ilinituma Bruxelles kwa mafunzo ya wiki mbili. Siku ya posho hatukuwa na masomo. Dada mumoja wa Likasi anayeishi kule akaniambia: «Yaya, kuja tukuonyeshe bahari.» Mimi mutu wa Katanga, miaka 46, bahari nilikuwa naijua kwenye televizyo tu.

Treni kutoka Bruxelles inatumia saa moja na dakika kidogo. Reli ile ilifika Ostende tangu mwaka 1838, na muji wa wavuvi ukageuka muji wa mapumziko. Kwanza walikuja wafalme na matajiri. Wafanyakazi wengi walikuja nyuma, sababu mwaka 1936 waligoma Ubelgiji nzima mpaka wakapata sheria ya likizo ya kulipwa: siku 6 kwa mwaka. Hawakupewa bure. Miaka mitano baadaye, mwezi wa Desemba 1941, wafanyakazi weusi wa Union Minière waligoma Lubumbashi juu ya mushahara. Wao walipigwa risasi.

Bahari yenyewe si ya bluu kama kwenye kalenda. Iko na rangi ya udongo, maji baridi hata mwezi wa saba, na upepo unapiga masikio. Lakini watu wanajaa. Wazee wanakaa kwenye viti, batoto wanachimba muchanga na vipawo vidogo. Nikacheka: hata hapa watu wanachimba, lakini bila kofia ya kazi na bila shefu.

Kando ya maji kuna baraza ndefu ya nguzo, karibu meta 400. Mufalme Léopold II aliijengesha kati ya 1902 na 1906, na mupangaji wake alikuwa Mufaransa Charles Girault. Kazi yake? Mufalme atoke kwenye nyumba yake mpaka uwanja wa mashindano ya farasi bila kunyeshewa na mvua. Basi, hiyo tu!

Wakati ule Kongo ilikuwa mali yake mwenyewe. Tuseme kweli: shaba yetu haikuwa bado, sababu Lubumbashi iliyeyusha shaba ya kwanza mwaka 1911. Utajiri aliotoa Kongo ulikuwa wa mpira wa porini na pembe za tembo, jasho la bandugu wa Ekwateri na wengine. Na mwaka ule baraza ilipokwisha, 1906, ndipo Union Minière ilizaliwa.

Juu ya baraza kuna sanamu yake, iliyowekwa 1931. Amepanda farasi, anaangalia bahari. Chini, upande mumoja ni wavuvi wa Ostende, upande mwingine ni Wakongomani wanamushukuru. Mutoto wa yule dada akanivuta nguo: «Tonton, juu ya nini huyu hana mukono?» Nikamueleza: mwaka 2004 kikundi cha watu wa Ostende wenyewe waliukata, ili kukumbusha mikono iliyokatwa kwetu wakati wa mpira. Mutoto akanyamaza kidogo, akauliza tena: «Na kwenu, hiyo pesa ilijenga nini?»

Swali hilo lilinifuata mpaka nyumbani. Sababu leo hakuna mufalme wa kumusingizia. Sheria ya migodi ya 2018 inasema: katika ushuru wa madini, asilimia 25 ni ya jimbo na asilimia 15 ni ya komini ao sekta kwenye mugodi uko. Tena kampani inapaswa kutoa angalau asilimia 0,3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya wenyeji. Hiyo pesa iko kwenye karatasi. Masomo, maji, barabara, viko wapi?

Babu zetu waliita siku hii siku ya posho sababu kampani iligawa unga. Walingoja kwenye mustari na mifuko mikononi. Sisi tusingoje. Siku ya posho inayokuja, kabla ya mupira na kabla ya bia, kusanyikeni kidogo kwenye kartiye, muchague watu watatu wanaojua kusoma vizuri, waende komini kuomba hesabu. Waende na delege wao. Na waandike majibu, hata kama jibu ni kunyamaza.