Mguu Unaanzia Sakafuni

Kifaranga wa siku tatu aliyelala kifudifudi, mguu mmoja huku na mwingine kule, mara nyingi hana ugonjwa wowote. Ameteleza. Wafugaji wengi wa Eastlands, Nairobi, huchelewa kuliamini hilo, maana mtu akiona kifaranga ameshindwa kusimama hukimbilia agroveti kuuliza dawa. Mimi ningemwomba kwanza aangalie kifaranga amesimama juu ya nini.

Kaloleni, mtaa wa miaka ya 1940, bado una viwanja vya udongo kati ya nyumba, na kuku hupekua humo. Kayole, Umoja na Dandora mambo ni tofauti: chumba ni saruji, ua ni saruji, na vifaranga hulelewa ndani ya katoni iliyotandikwa gazeti ili usafi uwe rahisi. Gazeti likishika maji na kinyesi huwa utelezi mtupu. Kifaranga aliyeanguliwa jana bado hana nguvu mapajani; kila akijiinua miguu inamtoka pande mbili. Akishinda hivyo kutwa, viungo vya nyonga hulegea, na baada ya siku chache mguu hushika hali hiyo.

Tiba yake ni plasta ya kidonda. Ikate kwa urefu upate utepe mwembamba, uzungushie mguu mmoja juu ya vidole, chini ya kile kiungo tunachokiita goti, kisha upeleke kwenye mguu wa pili. Kati ya mguu na mguu iache nafasi ya sentimita mbili na nusu hivi, miguu ikae sawasawa chini ya mwili. Usikaze; vidole vikibadilika rangi au vikivimba, fungua ufunge upya. Mwanzoni ataangukaanguka, kwa hiyo mtenge na wenzake wasimkanyage, na utie kokoto kwenye chombo cha maji asije akazama. Wengi husimama wenyewe baada ya siku mbili tatu. Wiki ya kwanza ikipita mifupa huwa imeanza kukomaa, na matumaini hupungua sana.

Ukimfunga plasta ukamrudisha juu ya gazeti, kesho utafunga mwingine. Tandika maranda manene kutoka kwa mafundi wa mbao, na kwa siku za mwanzo weka gunia au taulo kuukuu juu yake. Vumbi la mbao halifai: kifaranga hulidonoa akidhani ni chakula.

Vidole vilivyokunjamana ni habari nyingine. Kifaranga akitoka navyo ndani ya yai, mara nyingi kosa ni la joto la mashine ya kuangulia, na kipande cha katoni kilichobandikwa chini ya wayo kwa plasta hukinyoosha kidole kwa siku chache. Lakini akianza kukunja vidole wiki ya pili au ya tatu, huku akitembelea magoti, shuku upungufu wa vitamini B2. Bila vitamini hiyo mshipa mkubwa wa fahamu wa mguuni huvimba. Huwapata sana waliolishwa pumba na makombo ya ugali. Tena B2 huharibiwa na mwanga, na huku kwetu chakula hupimwa kwa gorogoro kutoka kwenye gunia lililoachwa wazi mlangoni mwa duka. Omba ufunguliwe gunia jipya. Vitamini za kutia majini husaidia zikiwahi. Mshipa ukishaharibika haurudi.

Kinachonisikitisha zaidi ni matege ya kifaranga katika jiji lililo digrii moja na kidogo tu kutoka ikweta. Kule mtaa wa Pipeline maghorofa yamesongamana hata mchana taa zinawashwa, na kifaranga anayelelewa humo hukua bila kuonja jua. Kumweka dirishani hakutoshi, kwani kioo cha kawaida huzuia ile miale inayotengeneza vitamini D mwilini. Katika miaka ya 1920, Hart, Halpin na Steenbock wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walionyesha kwamba udhaifu wa miguu wa vifaranga waliofungiwa ndani huzuiwa na mwanga wa jua au mafuta ya ini la samaki. Shika mdomo wa kifaranga taratibu: wa mzima ni mgumu, wa mwenye matege hupinda kama mpira. Mtoe kwenye jua la asubuhi, umwachie na kivuli cha kukimbilia.

Hapa kuna kosa linalofanywa kwa nia njema. Mtu husikia mifupa inataka kalisi, basi huwapa vifaranga chakula cha kuku wa mayai. Chakula hicho kina kalisi ya asilimia 3.5 hadi 4, ilhali kifaranga anahitaji kama asilimia 1. Ziada hiyo huumiza figo na kuizuia fosforasi, na miguu huzidi kuharibika.

Goti likivimba na mguu ukapinda upande, huenda ukano umechomoka mahali pake. Mara nyingi ni upungufu wa manganizi au kolini, na kupona ni nadra.

Umri husaidia kutambua magonjwa yenyewe. Ugonjwa wa Marek, ulioelezwa na daktari wa mifugo József Marek wa Hungaria mwaka 1907, huanza kupoozesha miguu kwa kawaida kuanzia karibu wiki ya sita, mmoja ukinyooka mbele na mwingine nyuma. Hauna tiba. Chanjo yake hutolewa siku ya kwanza, kwa hiyo unaponunua vifaranga uliza kama wamechanjwa. Wanaoanguliwa na kuku wa nyumbani huikosa, kwani chupa moja huwa na dozi nyingi na ikishachanganywa hudumu muda mfupi tu. Majirani wanaopanga kuangulia siku moja wanaweza kuichangia. Kupooza kukija pamoja na shingo kupinda, kuhema kwa shida na vifo vya ghafla, fikiria kideri: watenge wagonjwa, mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo, na usimuuzie wala usimgawie mtu kuku hata mmoja.