Mgeni Aachaye Ganda Mlangoni

Sogeeni karibu, wajukuu. Lambo letu la Marungu mnalijua: mchana hunywa ng'ombe na mbuzi, usiku hushuka ndovu wa Tsavo. Chota maji yake kwa kiganja. Ni mekundu kama udongo wetu, na ndani yake kuna vita ambavyo jicho halivioni.

Mle wamo bakteria, viumbe wa seli moja tu. Kuna aitwaye E. koli, mkazi wa matumbo ya ng'ombe na yenu pia. Kinyesi kikiingia lamboni, naye kaingia. Adui yake ni kirusi kiitwacho bakteriofaji, au faji kwa kifupi. Félix d'Herelle, aliyekuwa akitafiti Paris, aliipa jina hilo mwaka 1917, maana yake "mla bakteria". Mimi jina hilo sijaliafiki, kwa kuwa faji haili chochote. Haina mdomo wala tumbo. Hata kuzaa peke yake haiwezi.

Tuitazame ile iitwayo T4. Ina kichwa, mkia, na miguu sita mirefu kama ya buibui. Zikipangwa kumi mstari mmoja, ndio urefu wa bakteria. Haiogelei, inaelea tu mpaka igongane naye. Miguu ikiitambua ngozi yake, inang'ang'ania, mkia unajikaza, sindano inatoboa, na uzi wa DNA unaingia ndani. Ganda linabaki nje, tupu.

Mwaka 1952 Alfred Hershey na Martha Chase, wa Marekani, waliwatia bakteria walioshambuliwa kwenye blenda ya jikoni. Maganda yakabanduka, lakini virusi vipya vikazaliwa vilevile. Basi amri ya kuzaa imo katika uzi.

Nayo amri hiyo ni kali! Bakteria huacha kazi zake zote. DNA yake hukatwakatwa, na vipande vyake hufumiwa nyuzi mpya za mgeni. Vichwa huundwa kivyake, mikia kivyake. Uzi hushindiliwa kichwani, mkia ukaungwa, miguu ikaja mwisho, kama fundi aungavyo baiskeli. Hakuna kifaji kichanga kinachokua. Kila kimoja hutoka kikiwa kamili. Katika joto la mwili, nusu saa haijapita sana, bakteria anapasuka na faji mia moja au zaidi zinamwagika.

Faji nyingine hazina pupa. Hujificha ndani ya DNA ya bakteria na kurithiwa kizazi hadi kizazi. Mwaka 1996 watafiti walionyesha kwamba sumu ya kipindupindu, ile inayomharisha mtu maji matupu, bakteria wake aliletewa na kirusi cha namna hiyo.

Kule Nairobi, watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, wamechunguza faji za kupambana na bakteria wa salmonela katika kuku, na kazi hiyo naipenda sana. Lakini msizitegemee zitusafishie lambo. Bakteria wakipungua mno, faji inaelea bila kukutana na yeyote, na wachache waliosalia huzaana tena. Maji hayo yachemsheni kabla ya kunywa.